Neno la Fundi wa Masanduku: Jumamosi Kuu, Busia

Bwana asifiwe! Na kwa ndugu zangu Wakatoliki ambao nawaona mmejikusanya pale karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: Tumsifu Yesu Kristo! Wachungaji, katekista wetu, wazee, mama zangu, na ninyi vijana wa boda boda mlioacha pikipiki zenu nje ziungue na jua, asanteni kuja. Namwona pia jirani yangu wa karibu, Mwislamu, ambaye karakana yake ya welding inagusana na ya kwangu. Karibu sana, mzee. Kuna mahali katika maneno haya nitakuhitaji.

Jana mmemlilia Bwana. Kesho alfajiri mtamshangilia. Leo, hapa katikati, makanisa yetu mengi hayana jambo la kufanya ila kufagia na kupanga maua. Ndiyo sababu waliopanga mkutano huu walipotafuta mtu wa kusema Jumamosi, wakaishia kwa seremala. Nilimuuliza mchungaji aliyeniletea habari, "Mbona mimi?" Akanijibu, "Fundi, Jumamosi ni siku yako." Nilikasirika kidogo. Halafu usiku nikafikiri nikaona amesema kweli. Ijumaa ni ya msalaba, Jumapili ni ya kaburi tupu. Jumamosi maiti imo ndani, mlango umefungwa, watu wako nyumbani wanatazamana. Siku hiyo naijua.

Kwa wasionijua, nina kibanda kando ya barabara huku upande wetu wa Uganda, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Natengeneza vitanda, milango, makabati ya vyombo, lakini kinachowalisha watoto wangu ni masanduku. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka husema jeneza. Huku wengi tunasema sanduku, kama vile marehemu anafunga safari na nguo zake. Kwa hiyo nimesikia mahubiri ya mazishi kuliko mchungaji yeyote aliyeketi hapa mbele, maana mchungaji huzika watu wa kanisa lake, mimi nazika wa makanisa yote na wasio na kanisa.

Sasa katika mahubiri hayo kuna maneno ambayo yamenisumbua miaka mingi. Mhubiri husimama kando ya kazi yangu, huipiga kofi kidogo juu ya kifuniko, kisha husema: "Hapa hayupo! Hili ni ganda tu! Yeye mwenyewe alishaondoka!" Watu wanaitikia Amina. Mimi nimesimama nyuma na bisibisi mkononi nangoja kufunga, najiuliza: kama ni ganda tu, mbona mmekesha nalo usiku mbili? Mbona shangazi yake alichemsha maji ya kumwogesha, akatia kidole kwanza kuonja kama yana uvuguvugu, asije mtoto wa kaka yake akasikia baridi?

Shangazi yule hakusomea theolojia. Lakini mimi nasema yeye alikuwa karibu na Imani ya Mitume kuliko mhubiri. Tukariri wote sehemu ya mwisho, mnaijua. Wengine husema "ufufuko wa miili", wengine "ufufuo wa mwili", na wazee wa vitabu vya zamani "kiyama ya mwili". Tunatofautiana silabi, lakini hakuna kanisa hata moja hapa Busia linalosema "naamini roho itapaa na mwili ukaoze". Mwili. Tumelisema neno hilo tangu ubatizo na tukifika kaburini tunalisahau.

Jirani yangu, hapa ndipo ninapokuhitaji. Neno hili kiyama tumelipata kwa Kiarabu, na ninyi mnaliamini kama sisi. Ulinieleza mwenyewe siku ile tukinywa chai kwamba asili yake ni kusimama. Nikaenda kwa mchungaji aliyesoma Kiyunani, akaniambia Agano Jipya linatumia neno anastasis, na maana yake ni hiyo hiyo, kusimama tena. Tazama sasa Waswahili tulivyolifanya. Mvua ikibomoa vibanda sokoni tunasema ni kiyama. Lori likianguka na petroli, kiyama. Tumelichukua neno la kusimama tukalifanya la kuanguka. Lakini kinachosimama ni kile kilicholazwa, na ninaowalaza ni mimi. Sijawahi hata siku moja kuipimia roho ubao.

Tumaini hili halikuanzia kwetu. Katika kitabu cha Danieli limeandikwa waziwazi kwamba wengi wa hao walalao katika mavumbi ya nchi wataamka. Hata hivyo, wakati wa Yesu Wayahudi wenyewe walikuwa wamegawanyika. Mafarisayo walikubali, Masadukayo, ambao ndio waliokuwa wakubwa wa hekalu, walikataa katakata na kumletea Bwana kile kisa chao cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Kwa hiyo Martha, dada yake Lazaro, anapomwambia Yesu, "Najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho," hasemi jambo la kujifariji tu. Amechagua upande katika ubishi wa taifa lake. Na Yesu hamwambii amekosea. Anamwambia, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Kisha anakwenda kaburini, analia. Anajua anachokwenda kufanya, na bado analia. Wahubiri mnaotukataza kulia matangani, naomba mkae na mstari huo kidogo.

Lakini mniruhusu niseme kama fundi: Lazaro hakufufuka vile tutakavyofufuka sisi. Alitoka amefungwa sanda miguu na mikono, ikabidi watu wamfungue. Maana yake, ile sanda ataihitaji tena. Lazaro alimrudishia fundi kazi. Familia yake ililia mara mbili. Yesu alipotoka, Petro alikuta vitambaa vimelala mle ndani, vimeachwa. Mtu huacha nguo za kazi pale kazi inapokwisha.

Na alitoka na nini? Hapa ndipo watu wengi huteleza. Luka anasema wanafunzi walidhani wanaona roho, wakaogopa. Akawaonyesha mikono na miguu yake. Bado hawakuamini. Akawauliza kama wana chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Naona wavuvi wa Majanji, kule ziwani, wameamka! Naam, samaki. Wa kuokwa, na nadhani alikuwa na miiba. Na makovu yalikuwepo. Mwili umeshinda mauti, milango iliyofungwa haiuzuii, lakini alama za misumari hazikufutwa, hata Tomaso akaambiwa alete kidole chake. Mimi nimezoea kujaza matundu ya misumari kwa gundi na unga wa mbao yasionekane. Mungu aliyaacha.

Nimewataja watu wa Majanji kwa sababu wao ndio walionifundisha sehemu hii iliyobaki.

Mwaka juzi mtumbwi mmoja ulipinduka usiku, upepo wa kusini ulipochafuka ghafla. Walitoka wanne, mmoja hakutoka. Walimtafuta siku tisa. Hakupatikana. Alikuwa Mjaluo, kwao ng'ambo ya mpaka, na wazee wa kwao wakasema lile ambalo husema mtu akipotea ziwani: leteni yago. Yago ni tunda la mti ambao Kiswahili huuita mwegea, tunda refu, zito, linaning'inia kama mchi wa kinu. Hulizika mahali pa mwili. Hulililia, hulitupia udongo, kaburi linahesabiwa.

Mjane akaja kwangu kuagiza sanduku la kuwekea hilo tunda. Nitarudi kwake.

Jioni ya matanga, mvuvi mmoja, katika wale waliokuwa naye chomboni, alinivuta kando. Alikuwa amekunywa, sitaficha. Akasema, "Fundi, wewe ni msomaji wa kanisa. Niambie. Huyu atafufukaje? Mbuta wamemla. Mbuta hao tumewavua sisi. Wengine tumeuza, wengine tumekula na watoto. Siku hiyo ikifika, nyama itakuwa ya nani?"

Nilimwambia akapumzike. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na aibu yake sijaisahau. Baadaye nikampelekea mchungaji swali lile kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mlevi. Akacheka, akaniambia swali hilo ni la zamani kuliko lugha tunayolisemea. Wapagani walikuwa wakiwadhihaki nalo Wakristo wa kwanza. Agostino, yule askofu wa Hippo huku huku barani Afrika, upande wa kaskazini, alilijibu mwanzoni mwa karne ya 5. Alisema nyama ile ni ya yule ambaye ndani yake ilikuwa nyama ya mtu kwanza. Aliyeila ameikopa tu, na mkopo hurudishwa. Nikaipenda hiyo. Busia tunajua mkopo ni nini.

Lakini jibu la hesabu halikunitosha, na sidhani Agostino mwenyewe aliishia hapo, maana alisema pia kwamba hata nyama iliyopotelea hewani kabisa, Mwenyezi anaweza kuiita kutoka popote ilipo. Ndipo mchungaji akanisimulia habari ya mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, mwaka 177. Wakristo wa pale waliuawa, na wauaji hawakuwapa ndugu miili. Waliiacha nje siku sita, wakaichoma, wakalifagia jivu lote kulitupa katika mto Rhône, ili, kama walivyosema wenyewe, watu hao wasiwe na tumaini la kufufuka. Fikirini: adui aliielewa imani yetu kuliko mhubiri wa ganda! Alijua tumaini letu liko mwilini, ndiyo maana akaenda kuuwinda mwili mpaka jivu.

Na sisi hatuhitaji kwenda Lyon. Kila mwezi wa Mei tunawaona mahujaji wakipita hapa mpakani kutoka Kenya, kwa miguu, viatu mkononi, kuelekea Namugongo. Pale, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana walifungwa ndani ya mikeka ya matete wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kwa jumla ya miaka ile, 1885 hadi 1887, Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22 na Waanglikana 23. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, moto ukianzia miguuni. Wengi wao walikuwa wamebatizwa kwa muda mfupi tu, wengine siku chache tu kabla. Sijui tungewaambia nini vijana wale kama habari yetu ingekuwa kwamba mwili ni ganda. Pengine wangesema: basi kama ni ganda, kwa nini nisiinamishe ganda hili kwa anachotaka Kabaka, roho yangu ikabaki safi? Walikataa kwa mwili, kwa sababu mwili ule ulikuwa na mwenyewe.

Paulo aliulizwa swali la mvuvi na Wakorintho. "Wafufuliwaje wafu? Nao huja kwa mwili gani?" Akawajibu kwa ukali ambao mimi nisingethubutu: "Ewe mpumbavu!" Kisha akaeleza habari ya mbegu. Unachopanda ni chembe tupu, na kinachoota si chembe ile kwa sura, lakini huwezi kusema ni kitu kingine. Ukipanda mahindi hutavuna mtama. Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Mnaolima mnajua, sina haja ya kuwahubiria mbegu. Ila nilipousoma mstari huo baada ya mazishi ya Majanji, mkono ulinitetemeka juu ya kitabu. Wazee wale wa Kijaluo, ambao baadhi yetu tuliwanong'onea kwamba wanafanya mambo ya kishenzi, walikuwa wamezika tunda. Tunda lenye mbegu ndani yake. Sisemi walikusudia mahubiri ya Paulo. Walifuata mila yao. Nasema tu kwamba nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, Biblia kwapani, na sikuona kilichokuwa ndani ya sanduku nililolitengeneza mwenyewe.

Kuna kaburi jingine lisilo na mwili ambalo kila Mganda wa umri wangu anapaswa kulijua. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa pili mtu wa huku kwetu upande wa Tororo. Serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Kanisa likachimba kaburi Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana Kampala, karibu na lile la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Askari waliupeleka moja kwa moja Mucwini, Kitgum, kijijini kwao, uzikwe haraka. Kule sanduku likafunguliwa, ndugu wakaona matundu ya risasi. Kwa hiyo nasema, wenzangu katika kazi hii, msifunge kifuniko upesi. Sanduku nalo hutoa ushahidi.

Lakini Namirembe Jumapili ile watu walikuja kwa maelfu, ingawa ibada ya ukumbusho ilikuwa imepigwa marufuku. Wakatoka kanisani wakasimama kuzunguka shimo tupu. Hebu wazieni hofu ya siku zile. Wapelelezi wamo katikati ya watu, askofu mkuu hayupo, mwili haupo, kuna udongo mwekundu tu na shimo. Ndipo yakasemwa pale maneno ambayo wanawake waliambiwa asubuhi ya kwanza: Hayupo hapa, amefufuka. Watu wakaimba. Amin alikuwa amewanyima mwili ili wasiwe na mahali pa kulilia, akawapa, bila kujua, kaburi linalofanana na la Yerusalemu.

Msinielewe vibaya. Luwum bado yuko Mucwini, kaburini, anangoja kama wengine. Maneno yale yalimhusu Bwana wake. Ila ukisimama kando ya shimo tupu ukiwa unaamini limbuko, yaani Kristo, limekwisha kutoka, unasimama kwa namna nyingine.

Sasa, mama zangu huniuliza dukani: "Fundi, kwa wakati huu wako wapi?" Hapa makanisa yetu hayasemi kitu kimoja, na sitaki tuanze kugombana kabla ya uji. Wakatoliki wanawaombea marehemu watakaswe. Waanglikana wengi na walokole watakwambia wako pamoja na Kristo wakingoja. Ndugu zetu Wasabato, ambao leo ni siku yao na wamekuja kutusikiliza hata hivyo, wanasema wamelala, hawajui kitu, hadi parapanda. Mimi nina maoni yangu, na mke wangu anayo mengine, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Ninachowaomba ni kwamba chumba cha kungojea tusikifanye nyumba. Mwisho tunaoukiri wote ni kusimama.

Na baada ya kusimama? Bwana alisema wenye haki wataingia uzima wa milele na wengine adhabu ya milele. Neno lile la milele limekaa pande zote mbili za mstari, siwezi kuling'oa upande mmoja niwaachie mwingine. Wanaosoma wanabishana linapima nini. Mimi huletewa swali kwa umbo jingine. Mlevi wa mtaa amekufa, au mwizi aliyepigwa na watu, na kaka yake ananiegemea kwenye meza ya kurandia, anauliza, "Huyu atakwenda wapi?" Sijapewa orodha. Napima urefu na upana wa mabega. Lakini namwonyesha yale ambayo katika sura hiyo hiyo Mfalme anayauliza: nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu, nilikuwa uchi, nilikuwa kifungoni. Yote ni habari ya miili. Hakuna hata swali moja pale ambalo mtu asiye na mwili angeweza kuulizwa.

Na hapa niseme habari ya misumari. Mwaka 2000, tarehe 17 Machi, nilikuwa bado najifunza kazi kwa fundi wangu. Redio ikatangaza mambo ya Kanungu. Kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi lilikuwa limewaambia watu dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Ukamalizika, jua likachomoza. Wakapangiwa siku nyingine. Watu wakauza mali zao, wakaingia katika nyumba ya ibada, ikawaka moto, na madirisha yalikuwa yamegongomewa. Watu mamia, watoto wamo. Siku zilizofuata miili mingine ikafukuliwa chini ya sakafu za nyumba za kundi hilo. Fundi wangu alizima redio, akaiweka nyundo chini, hatukufanya kazi siku ile. Miaka ishirini na mitatu baadaye, 2023, ikaja habari ya Shakahola, pwani ya Kenya: watu wamefunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni. Ndugu zangu, Bwana alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, na hilo lingetosha kumnyamazisha kila nabii wa tarehe. Lakini ugonjwa wenyewe umeanza mapema zaidi. Umeanza pale mtu anapofundishwa kwamba mwili wake, na wa mtoto wake, ni kitu cha kutupa ili afike mbinguni haraka. Mhubiri wa ganda hana nia mbaya, namjua, ni rafiki yangu. Ila namwogopesha kwa Kanungu.

Nimewasema wengine, acha nijiseme.

Mwaka mmoja nilikuwa na deni la karo. Akaja mzee mmoja kuagiza sanduku la mama yake, akalipia mvule. Nilikuwa na mvule wa kutosha kifuniko na mbavu, chini sikuwa nao. Nikatia msonobari, ubao ambao mchwa walikuwa wameuanza. Nikajaza matundu, nikapiga vanishi, nikatandika kitambaa cheupe juu. Likabebwa, halikuvunjika, nikasifiwa. Hakuna aliyejua, na nililipa karo.

Miezi ikapita. Pasaka moja kama hii nasikiliza somo, likanijia wazo ambalo halijaondoka: bibi yule anajua. Yeye ndiye aliyelala juu ya ubao ule. Kama ni roho iliyopaa, jambo limekwisha, nilimdanganya mtu asiyehitaji sanduku. Lakini kama atasimama, huyo huyo, na uso wake, basi siku moja nitakutana naye. Nilikuwa nimezoea kuogopa hukumu kama moto. Tangu siku hiyo naiogopa kama bibi kizee anayenijia taratibu kutoka ng'ambo ya uwanja.

Nikaenda kwa mwanawe na pesa. Nikamweleza yote. Alinitazama muda mrefu, akanirudishia bahasha. Akasema, "Mama angekusamehe. Mimi bado." Tunasalimiana kwa mbali sokoni mpaka leo. Yupo hai, anaweza kuwa amesimama hapo nje, sijui.

Nimeona mchungaji anatazama saa. Narudi kwa mjane wa Majanji, kama nilivyoahidi.

Alikuja kuagiza sanduku la yago. Nikachukua penseli nikamwambia, mama, kwa tunda futi tatu zinatosha, nitakupunguzia bei. Akasema hataki futi tatu. Anataka la urefu wa mume wake. Nikamweleza kwa upole kwamba ndani litakuwa wazi, tunda litagongagonga njiani, ni gharama bure. Akasema atatia nguo zake na viatu vyake vya Jumapili, lakini urefu uwe wake. Nikamuuliza, "Alikuwa mrefu kiasi gani?" Hakujua futi. Nani anajua mumewe ni futi ngapi? Akageuka, akaenda kwenye mlango wa kibanda changu, akasimama kwenye mwimo, akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akautelezesha juu kidogo, akashusha kidogo, akaupata.

"Anafika hapa," akasema.

Nikaweka alama ya penseli chini ya kiganja chake, nikapima.